Vigingi vya Asnath

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanaidi alikuwa na kazi moja asiyoweza kuikwepa, nayo ni kutoa meza. Ilikuwa meza ya mbao nzito, na mama yake aliitumia kuuzia chai, vitumbua na mihogo ya kukaanga kando ya nyumba yao pale Chanika, Handeni mjini. Mama alishika upande mmoja, Mwanaidi upande wa pili, wakaiburuta mpaka kwenye ukuta wa kusini. Miguu yake ikatumbukia kwenye vishimo ilivyojichimbia yenyewe kwa kukaa pale pale siku zote.

"Haya, pangusa uende," mama alisema. "Kengele haina habari kwamba wewe ni Profesa."

Mwanaidi alicheka. Jina la Profesa alipewa na Sadala, mchekeshaji wa darasa la tano, kwa sababu tangu darasa la tatu hakuna aliyewahi kumpita katika somo la sayansi. Mwalimu alipouliza swali, mkono wake ndio uliotangulia, na jibu lilitoka neno kwa neno kama lilivyoandikwa kitabuni. Jina lile lilimwingia vizuri sana, hata nyumbani alikuwa anaitika.

Kisha, muhula wa pili ulipoanza, akaja Asnath.

Asnath alitoka Lutindi, huko milimani Korogwe, baada ya baba yake, fundi seremala, kupata kazi mjini Handeni. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, mpole, na wiki ya kwanza alivaa sweta katika joto lile, darasa zima likamcheka. Mwanaidi ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Laiti angejua kinachokuja, angecheka kidogo.

Siku moja Mwalimu Erasto wa sayansi aliuliza kwa nini maji ya dimbwi hukauka. Mwanaidi alisimama akamwaga maana ya mvukizo yote, bila kukosea hata nukta. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia yule mgeni. "Asnath, na wewe?"

"Sijui vizuri, Mwalimu," alisema Asnath kwa sauti ndogo. "Ila nimeona dimbwi la kivulini linachelewa kukauka kuliko la juani. Na siku ya upepo yote mawili yanawahi."

Mwalimu Erasto aliweka chaki mezani. "Umeona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nyuma ya choo na mbele ya ofisi."

"Mmemsikia? Huyu hakusoma tu. Huyu ametazama!"

Mwanaidi alikaa akiwa amevimba. Yeye ametoa jibu la kitabu, zima, halafu sifa anapewa mtu aliyeanza na "sijui"! Tangu siku hiyo roho ilimuuma kila jina la Asnath lilipotajwa, na lilitajwa mara nyingi mno. Mbaya zaidi, Sadala alianza kumwita Asnath "Profesa wa Milimani", na watu wakacheka kwa upendo, si kwa dharau. Mwanaidi aliona kama amevuliwa nguo yake mwenyewe hadharani na kuvalishwa mwingine.

Nyuma ya stoo ya shule palikuwa na kiwanja kidogo ambacho hakuna mtu aliyekitumia. Hapo Asnath alisimamisha kijiti kilichonyooka. Kila Ijumaa wakati wa mapumziko ya mchana alikwenda kukichungulia, na kivuli kilipofikia ufupi wake wa mwisho, alipigilia kigingi kidogo pale ncha yake ilipoishia. Vigingi alivipata kwenye mabaki ya mbao za msonobari za baba yake. Wenzake walidhani anacheza tu. Mwanaidi hakudhani hivyo. Alikuwa anachungulia pembeni ya stoo, akimwonea gere hata kwa mchezo wenyewe.

Mwishoni mwa Oktoba Mwalimu Erasto alileta habari iliyowafanya wote wakae wima. Kutakuwa na maonyesho ya sayansi ya wanafunzi mjini Korogwe mwezi unaofuata. Kila shule itapeleka mwanafunzi mmoja tu. Kila anayetaka nafasi hiyo aonyeshe kazi yake Ijumaa ya wiki inayokuja.

Mwanaidi hakuwahi kutaka kitu kama alivyoitaka safari ile. Alikwisha kujiona amepanda basi, sare imepigwa pasi, Chanika nzima inampungia mkono. Aliijua nafasi ile kuwa ni yake, lakini alijua pia ni nani anayeweza kumpokonya.

Mchana huo huo alikwenda nyuma ya stoo. Alikuta vigingi vimejipanga mstari. Vingi vilikuwa upande wa kusini wa kijiti, vikikisogelea kidogo kidogo, na vichache vilikuwa upande wa pili, kaskazini. Asnath alikuwa amechuchumaa hapo, akafurahi kupata mtu wa kumwonyesha.

"Njoo uone, Mwanaidi! Mwezi wa nane kivuli cha mchana kilikuwa kinaangukia kule, kusini. Kikawa kinafupika kila wiki. Mwanzoni mwa mwezi huu kikapotea kabisa, ukisimama unakitafuta kivuli chako hukioni. Sasa kimevuka, kinaangukia huku."

"Kimevuka?" Mwanaidi alimkata jicho. "Kivuli kina miguu?"

"Mimi mwenyewe sijaelewa kwa nini," alikiri Asnath. "Ila ndivyo nilivyoona."

Mwanaidi aliondoka akiwa na wazo. Jumatatu alisimamisha kijiti chake mwenyewe, mbele kabisa ya ofisi ya walimu ambapo kila mtu atakiona. Alipima mchana huo, kivuli kikaangukia kaskazini. Akapima Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kaskazini. Hakikugusa kusini hata kidogo. Moyo ulimruka kwa furaha. Kumbe Profesa wa Milimani ni mtunga hadithi! Amepigilia vigingi popote alipotaka ili amfurahishe Mwalimu!

Alhamisi hiyo jioni ilikuwa zamu ya Mwanaidi kufagia upande wa stoo. Wenzake walipokwenda kurudisha mafagio, yeye alibaki amesimama mbele ya vigingi. Alijiambia kwamba kung'oa uongo si kosa. Amepima mwenyewe kwa macho yake, ana uhakika. Lakini kama alikuwa na uhakika hivyo, mbona alitazama nyuma kwanza kuona kama kuna mtu? Aling'oa vigingi vyote vya kusini, kimoja baada ya kingine, akasawazisha udongo kwa mguu na kuvitia kwenye mkoba. Vile vya kaskazini aliviacha, kwa sababu vilikubaliana na vyake.

Nyumbani alivichanganya na kuni za mama. Asubuhi vilichemsha chai.

"Vikuni hivi vinanukia," mama alisema akipuliza moto. "Umevitoa wapi?"

"Nimeviokota njiani, mama."

Alikunywa chai ile bila kuinua macho.

Ijumaa mchana darasa zima lilitoka nje. Mwanaidi alianza. Alieleza kijiti chake kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, akaonyesha alama zake, na pale pale kivuli kikaangukia kaskazini kama kilivyoagizwa. Wakampigia makofi. Kisha wakaenda nyuma ya stoo.

Asnath aliona kabla hajafika. Alisimama ghafla, akatazama udongo uliosawazishwa, akatazama tena.

"Vilikuwepo," alisema. "Mwalimu, vilikuwepo huku kusini. Vimeng'olewa."

"Au havikuwepo," Mwanaidi alidakia. "Mwalimu, mimi nimepima wiki nzima. Kivuli cha mchana hakiendi kusini. Kila mtu anaona hapa."

Watoto walitazama kivuli. Kilikuwa kaskazini, hakuna ubishi. Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka. "Profesa wa Milimani ametupiga kamba!" alisema Sadala, na safari hii kicheko hakikuwa cha upendo. Asnath alisimama katikati yao, machozi yakimlengalenga. Hakuwa na cha kuonyesha.

"Nyamazeni!" Mwalimu Erasto aliwatazama mmoja mmoja. "Hapa haitwi mtu mwongo mpaka ushahidi uzungumze. Anayesema kivuli hukaa kaskazini siku zote alete ushahidi. Anayesema kilikuwa kusini alete ushahidi. Jumatatu nitaamua nani anakwenda Korogwe."

Hakusema yupi yuko sahihi. Ndiyo tabia yake, na iliwakera wanafunzi wengi, lakini hakuiacha.

Mwanaidi alirudi nyumbani amejaa furaha, au ndivyo alivyotaka kuamini. Ameshinda. Ushahidi wake umesimama mbele ya ofisi, na ushahidi wa Asnath ni majivu jikoni kwao. Mbona basi uso wa yule msichana ulikuwa unamfuata?

Jumamosi mchana alikuwa akimenya mihogo mama alipofuta jasho na kusukuma kikaango pembeni.

"Mwanaidi, njoo tuhamishe meza. Huku jua limeshatuingilia, linanichoma mgongo tangu wiki iliyopita."

"Tunaihamishia wapi?"

"Wapi tena? Upande ule tunaokwenda kila mwaka vuli ikianza."

Waliibeba wakazunguka nyumba mpaka kwenye ukuta wa kaskazini, ambako kivuli cha paa kilikuwa kimetanda. Mwanaidi alishusha upande wake, na mguu wa meza ukatumbukia kwenye shimo. Alitazama chini. Vilikuwa vishimo vya zamani, vimejaa majani makavu, na miguu yote minne iliviingia sawasawa.

Alibaki ameshika meza, mdomo wazi.

"Mama, kwa nini hatukuiweka huku miezi yote ile?"

"Mwezi wa saba uiweke huku? Nikaange mihogo juani?" Mama alicheka. "Miezi ile kivuli cha mchana kinakuwa kule tulikotoka. Ikifika vuli kinahamia huku. Mimi sijui kwa nini, mwanangu. Mimi nafuata kivuli tu."

Mwanaidi alivitazama tena vile vishimo. Mwaka jana alibeba meza hii hii, na mwaka juzi pia, akinung'unika kwamba ni nzito, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini inazunguka nyumba. Kivuli kilikuwa kinavuka. Kilikuwa kinavuka miaka yote, mbele ya macho yake, na aliyeona ni msichana aliyekuja juzi na sweta! Wivu ulimpanda upya, mkali kuliko wa mwanzo. Hata hiki kilichokuwa cha nyumbani kwao, Asnath amekiona yeye kwanza.

Alirudi upande wa kusini. Vishimo vinne vilikuwa vimebaki wazi pale meza ilipokuwa, vimezungukwa na alama za mafuta na maganda ya mihogo. Mtu yeyote angeelewa kwamba meza imekaa hapo miezi mingi. Nyumba yao ilikuwa kando ya njia ya shule. Je, Asnath akipita? Mwanaidi alianza kusukuma udongo kwa mguu. Shimo la kwanza likajaa. La pili likajaa.

"Unafukia nini?" Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba.

"Nasawazisha tu, mama."

"Mwanaidi."

Hakuwa amepaza sauti. Lakini mama alikuwa na namna yake ya kutaja jina, na jina likitajwa hivyo, mtoto hana pa kujificha. Mwanaidi alitazama mguu wake wenye udongo. Ndivyo alivyousukuma udongo juzi nyuma ya stoo, kwa mguu huo huo. Tofauti ni kwamba juzi aliamini anang'oa uongo. Leo anajua anafukia ukweli.

Alilia, akasema yote: kijiti, vigingi, kuni zilizonukia, Korogwe. "Kila kitu ni Asnath, mama! Mwalimu ni Asnath, Sadala ni Asnath! Mimi nilikuwa wa kwanza!"

Mama alivuta ndoo akakaa. "Kwa hiyo nimewanywesha watu chai kwa jasho la mtoto wa mwenzangu."

"Nisamehe, mama."

"Mimi umenidanganya, nimekusamehe. Lakini aliyelizwa mbele ya watu si mimi. Jumatatu utasimama pale pale alipolia, mbele ya wale wale waliomcheka. Kisha uwalete hapa waone. Sasa yafukue hayo mashimo."

Mwanaidi aliyafukua kwa mikono.

Jumatatu alipiga moyo konde. Mwalimu Erasto alipouliza nani ana ushahidi, mikono ya Asnath ilikuwa mitupu na macho yake yalikuwa chini. Mwanaidi alisimama.

"Mwalimu, ushahidi ninao, lakini si wangu. Ni wa Asnath. Kivuli kilikuwa kusini kweli. Vigingi vyake niliving'oa mimi nikavichoma moto. Nilimwonea wivu."

Asnath aliinua uso akamtazama Mwanaidi. Hakutabasamu. "Nilivipigilia tangu mwezi wa nane," alisema polepole. "Kila Ijumaa." Maneno hayo machache yalimchoma Mwanaidi kuliko matusi.

Waliongozana wote mpaka Chanika. Walimwamkia mama shikamoo, kisha wakaona vishimo vya kusini na vya kaskazini. Asnath alipiga magoti, akavishika, akasahau hata huzuni yake. "Mama, meza mnairudisha kule mwezi wa ngapi?"

"Masika yakikaribia, mwanangu. Kuanzia mwezi wa tatu huku kivuli kinaniishia."

"Kwa hiyo kinavuka mara mbili!" Asnath aligeuka, macho yakimng'aa. "Mwalimu, kinakwenda na kurudi!"

Ndipo Mwalimu Erasto alipotoa kile alichokuwa amekibana. Aliokota muhogo mrefu, akauinamisha kidogo, akazunguka nao mezani huku birika likiwa ndilo jua. Aliwaeleza kwamba dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama, ndiyo maana miezi mingine jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini na kutupa kivuli kusini, na miezi mingine hupita kusini, kivuli kikaenda kaskazini. "Haya hakuna aliyeyaona akiwa amekaa juu mbinguni," alisema. "Watu walisimamisha vijiti kama hivi, wakatazama, wakabishana, wakafikiri, mpaka wakaelewa umbo la safari ambayo jicho haliioni."

Asnath ndiye aliyekwenda Korogwe. Basi lilipita Chanika asubuhi, na Mwanaidi alilitazama akiwa ameshika kitambaa cha kupangusia meza. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Asnath alirudi na nafasi ya pili. Majaji waliipenda sana hadithi ya meza, lakini waliuliza viko wapi vigingi vya kusini, vinavyoonyesha kivuli kikisogea wiki kwa wiki. Asnath aliwajibu kwamba viliungua. Hakutaja aliyevichoma.

Adhabu ya Mwanaidi ilikuwa kuendeleza vigingi, kila Ijumaa, hata wakati wa likizo. Alivipigilia vuli yote, akaona kivuli kikirefuka kwenda kaskazini, kisha kikasita, kisha kikaanza kurudi. Siku alipokiona kinarudi alipiga kelele peke yake nyuma ya stoo, akatafuta wa kumwambia, na mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Asnath. Likizo ilipokwisha alimwambia, na kuanzia hapo wakawa wanapima pamoja.

Mwezi wa tatu, wakiwa sasa darasa la sita, kivuli kilipotea tena mguuni pa kijiti. Ijumaa iliyofuata Mwalimu Erasto alikwenda nao kukitazama.

"Mwanaidi," alisema, "ile wiki uliyopima mwaka jana, ulipima vizuri. Macho yako hayakukosea. Ulikosea ulipochukua wiki moja ukaifanya mwaka mzima, na ukamwita mwongo mtu aliyetazama kwa muda mrefu kuliko wewe. Wivu ulikufanya umtazame Asnath badala ya kutazama kivuli. Na mnaona wenyewe, kivuli kimeendelea na safari yake. Kung'oa vigingi hakukukizuia. Kulituzuia sisi tusijue."

Mwanaidi alikubali kwa kichwa. Kwenye ncha ya kivuli, kidogo sana upande wa kusini, palikuwa pa kupigilia kigingi cha kwanza cha upande huo. Alikuwa nacho mkononi, kipya, cha msonobari, na alitamani sana kukipigilia yeye. Alikinusa, kisha akampa Asnath.

"Bado," alisema Asnath akiwa amechuchumaa. "Ngoja kifupike kidogo."

Mwanaidi akachuchumaa pembeni yake, wakangoja.